Hifadhi za Bahari na Maslahi ya Mataifa: Somo Kutoka Visiwa vya Chagos

Tarehe 1 Aprili 2010, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati huo, David Miliband, alitangaza kwamba bahari yote inayozunguka Visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari Hindi, imekuwa eneo la kuhifadhiwa. Hakuna meli ambayo ingeruhusiwa tena kuvua humo kwa biashara. Eneo hilo lina takriban kilomita za mraba 640,000. Kenya nzima, kutoka Vanga hadi Mandera na kutoka Lamu hadi Busia, ina kilomita za mraba zipatazo 580,000. Kwa tangazo moja, bahari kubwa kuliko nchi yetu ilifungwa, na wakati huo hapakuwa na hifadhi nyingine ya aina hiyo duniani iliyoizidi kwa ukubwa.

Wanasayansi wengi walifurahi. Serikali ya Mauritius ilikasirika. Nao watu waliozaliwa visiwani humo, ambao wengi walikuwa wakiishi Mauritius na katika mji wa Crawley nchini Uingereza, waliuliza swali ambalo mvuvi yeyote wa Pwani angeuliza: je, hifadhi hii ni ya kuwalinda samaki, au ni ya kuwazuia watu wasirudi kwao?

Swali hilo lilichukua miaka mingi mahakamani. Linafaa kufuatiliwa kwa makini na wakaazi wa kaunti za Pwani, kwa sababu hifadhi za bahari si jambo geni hapa. Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, kabla ya nchi nyingi za Afrika kufikiria jambo hilo. Na kwa kuwa mataifa yalikubaliana mjini Montreal, Desemba 2022, kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari kufikia mwaka 2030, mistari mingine itachorwa baharini katika miaka ijayo. Ni vyema kujua mistari hiyo huchorwa vipi, na ni nani hushika kalamu.

Maili 200 zilitoka wapi

Kabla ya miaka ya 1970, nchi nyingi zilidai maili chache tu za bahari kutoka ufuoni: tatu, sita au kumi na mbili. Nje ya hapo bahari ilikuwa ya yeyote mwenye meli. Kwa nchi changa za Afrika, maana yake ilikuwa kwamba meli kubwa kutoka Ulaya, Japani na Urusi ya Kisovieti zingeweza kuvua zikionekana kutoka ufuoni, na mwenye pwani asiwe na la kusema.

Kenya ndiyo iliyopeleka pendekezo la kubadilisha hali hiyo. Katika mkutano wa nchi za Asia na Afrika uliofanyika Colombo mwaka 1971, na kisha mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1972, ujumbe wa Kenya ulipendekeza kwamba kila nchi yenye pwani iwe na ukanda wa kiuchumi wa maili 200. Mwanasheria na mwanadiplomasia Frank Njenga ndiye aliyekuwa mstari wa mbele katika kulieleza wazo hilo. Rasilimali za ukanda huo zingekuwa za nchi yenye pwani, lakini meli za mataifa mengine zingeendelea kupita bila kizuizi. Wazo hilo liliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982. Leo ndiyo sheria inayofuatwa karibu dunia nzima.

Maili 200 za baharini ni kama kilomita 370. Kisiwa kidogo kilicho peke yake katikati ya bahari, kikipigiwa mviringo wa kilomita 370 kila upande, humpa mwenyewe eneo kubwa ajabu. Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Sheria humpa bahari yule mwenye ardhi. Kwa hiyo nchi inapotangaza hifadhi katika bahari ya kisiwa, inafanya mambo mawili kwa mpigo: inalinda matumbawe, na inauambia ulimwengu kwamba kisiwa ni chake. Pale ambapo hakuna anayekipinga kisiwa hicho, jambo la pili halionekani. Chagos ilikuwa na mpinzani.

Visiwa vilivyokatwa

Chagos ni kundi la visiwa vidogo zaidi ya 50, kilomita zipatazo 500 kusini mwa Maldivi na zaidi ya 2,000 kutoka Mauritius. Kikubwa kati yavyo ni Diego Garcia. Wafaransa waliwapeleka huko watumwa, wengi wao kutoka Madagaska na Msumbiji, kufanya kazi katika mashamba ya minazi. Mwaka 1814 Ufaransa iliikabidhi Uingereza Mauritius pamoja na visiwa vilivyotawaliwa nayo, Chagos ikiwemo. Vizazi vikapita. Watu wa huko wakawa na Krioli yao, makanisa yao na makaburi yao.

Mwaka 1965, Mauritius ilipokuwa ikijadiliana na Uingereza kuhusu uhuru katika jumba la Lancaster House jijini London, jengo ambalo Wakenya wanalikumbuka kwa sababu zao wenyewe, jambo jingine liliwekwa mezani. Marekani ilihitaji mahali pa kujenga kambi ya kijeshi katika Bahari Hindi, mahali pasipo na wenyeji wa kulalamika. Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza iliikata Chagos kutoka Mauritius na kuifanya koloni jipya. Mauritius ililipwa pauni milioni 3 na kupewa ahadi: kwamba haki zake za uvuvi zingeendelea kadiri iwezekanavyo, kwamba faida ya mafuta au madini yakipatikana ingekuwa yake, na kwamba visiwa vingerudishwa vitakapokuwa havihitajiki tena kwa ulinzi. Ahadi hizo tatu zilisahauliwa na wengi kwa miaka 45. Msomaji azikumbuke, kwa maana zitarudi.

Mkataba kati ya Uingereza na Marekani ulifuata Desemba 1966, wa miaka 50. Kati ya 1967 na 1973 wakaazi wote, watu wapatao 1,500 hadi 2,000, waliondolewa. Wengine walikuwa wamekwenda Mauritius kutibiwa au kutembelea jamaa, wakaambiwa hakuna meli ya kuwarudisha. Mbwa wao waliuawa. Walishushwa Mauritius na Shelisheli, bila kazi wala nyumba, na fidia ya kwanza ilichukua miaka kufika. Huko Diego Garcia ikajengwa njia ya ndege ambayo baadaye ilitumiwa na ndege za kivita katika vita vya Ghuba na vya Afghanistan.

Hifadhi yatangazwa

Miaka ya watu kuondoka ilikuwa pia miaka ya samaki kupumzika. Hakuna mvuvi wa ufuoni, hakuna hoteli, hakuna maji taka ya mji. Wanasayansi waliozamia Chagos walikuta miamba iliyo katika hali nzuri kuliko karibu popote katika Bahari Hindi, na hata baada ya joto la bahari la mwaka 1998 lililoyaua matumbawe mengi kutoka Kenya hadi Maldivi, ile ya Chagos ilionekana kurudi upesi zaidi. Huu ni ukweli, na haufai kufichwa ili hadithi ipendeze. Walioitaka hifadhi walikuwa na sababu za kweli. Mashirika makubwa ya uhifadhi ya Marekani na Uingereza yalishinikiza, na serikali ya Uingereza ilipoomba maoni ya umma kati ya Novemba 2009 na Machi 2010, zaidi ya sahihi 275,000 zilikusanywa kuunga mkono.

Lakini watazame wale waliobaki nje ya hesabu. Maji ya maili tatu kuzunguka Diego Garcia, penye kambi, hayakuingizwa katika hifadhi. Wanajeshi na wafanyakazi wa kambi waliendelea kuvua kwa kujiburudisha. Meli za kigeni zilizokuwa zikilipia leseni ili kuvua jodari ziliambiwa mwisho ni Oktoba 2010. Na yule mwenyeji wa zamani, ambaye kama angerudi angeishi kwa samaki na nazi, aliambiwa kwamba samaki sasa hawaguswi. Uhifadhi ulikuwa umelinda kila kitu isipokuwa njia ya kurudi nyumbani.

Wakati huo ulikuwa pia mbaya kisiasa. Uchaguzi mkuu wa Uingereza ulikuwa umebakisha wiki tano. Mauritius ilikuwa imepinga tangu mwanzo. Waziri Mkuu wake, Navin Ramgoolam, alisema kwamba mwenzake wa Uingereza, Gordon Brown, alimhakikishia walipokutana katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Novemba 2009, kwamba mpango huo ungewekwa kando. Miezi minne baadaye ukatangazwa.

Desemba 2010 lilitokea jambo ambalo halikutazamiwa. Barua za siri za balozi za Marekani zilivuja na kuchapishwa. Moja, iliyoandikwa na ubalozi wa London mwezi Mei 2009, ilieleza mazungumzo na afisa wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Kwa mujibu wa barua hiyo, afisa huyo aliwatuliza Wamarekani kwamba hifadhi haingegusa kambi, na kwamba waliokuwa wakaazi wangeona vigumu kudai kurudi ikiwa visiwa vyote vingekuwa hifadhi. Waliohamishwa walipoisoma waliona wamepata ushahidi. Ni haki kusema pia mahakama ilivyoamua: Mahakama ya Juu ya Uingereza, Februari 2018, ilikubali kwamba barua hiyo ingeweza kupokelewa kama ushahidi, lakini majaji walio wengi hawakuona kwamba ingebadilisha matokeo, na dai kwamba hifadhi iliundwa kwa nia mbaya halikufaulu.

Ndivyo zilivyo nia za mataifa. Mara chache huwa moja. Ofisi moja hutaka papa na kasa waishi, nyingine hutaka kambi isisumbuliwe, waziri hutaka jambo la kukumbukwa nalo kabla ya uchaguzi, na wote hutia saini karatasi moja. Ndiyo maana mabishano kuhusu nia hayana mwisho, na Mauritius ilichagua njia nyingine: haikuuliza Uingereza ilitaka nini, iliuliza kama Uingereza ilifuata utaratibu.

Mbele ya waamuzi

Tarehe 20 Desemba 2010 Mauritius ilifungua shauri chini ya Mkataba wa Sheria ya Bahari. Jopo lilikuwa na waamuzi watano. Mmoja wao alikuwa Mtanzania, Jaji James Kateka. Uamuzi ulitolewa tarehe 18 Machi 2015, na kwa mwanafunzi wa mambo ya hifadhi ni uamuzi unaostahili kusomwa mara mbili.

Waamuzi hawakusema kwamba hifadhi ni mbaya. Walisema wazi kuwa hawana la kuamua juu ya ubora wa hifadhi yenyewe wala umuhimu wa kulinda mazingira. Walichokiangalia ni namna ilivyotangazwa. Hapo zile ahadi tatu za 1965 zikarudi. Jopo likasema zinaifunga Uingereza kisheria: Mauritius ilikuwa na haki ya kuvua, na ilikuwa na haki ya kurudishiwa visiwa siku moja vikiwa katika hali inayofaa. Kufunga uvuvi wote bila mashauriano ya kweli na mwenye haki hizo kulivunja mkataba.

Jopo lilipima pia jambo ambalo hata asiyesoma sheria atalielewa. Uingereza ilishauriana na Marekani kwa uangalifu, hatua kwa hatua, ili maslahi ya kambi yasiguswe. Mauritius haikupewa uangalifu huo. Mshirika mwenye nguvu alisikilizwa, na mwenye dai aliarifiwa.

Kuhusu swali kubwa zaidi, visiwa ni vya nani, waamuzi watatu walisema hawana mamlaka ya kuliamua. Wawili walikataa kuliacha: Jaji Kateka na Jaji Rüdiger Wolfrum wa Ujerumani. Katika maoni yao ya pamoja walionyesha kuwa yaliyotendeka 2010 yalifanana kwa namna ya kutia wasiwasi na yaliyotendeka 1965, mara zote mbili haki za Mauritius zikiwekwa nyuma ya maslahi ya wengine.

Mauritius haikuishia hapo. Ilikwenda Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika ukawa nyuma yake. Mwaka 2017 Baraza Kuu liliiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki itoe maoni. Tarehe 25 Februari 2019 rais wa mahakama hiyo, Jaji Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia, alisoma jibu: majaji 13 dhidi ya mmoja waliona kwamba Mauritius haikupata uhuru wake kamili kisheria kwa kuwa Chagos ilikatwa, na Uingereza inapaswa kumaliza utawala wake huko haraka iwezekanavyo. Miezi mitatu baadaye mataifa 116 yalipiga kura kuunga mkono hilo. Sita tu yalipinga.

Kati ya hao sita palikuwa na jirani, Maldivi. Kura yake iliwashangaza wengi, lakini mwenye kuitazama ramani hakushangaa. Bahari ya Maldivi inapakana na ya Chagos, na akibadilika mwenye Chagos, hubadilika pia mtu wa kugawana naye mpaka. Mpaka huo ulichorwa hatimaye na Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari mwezi Aprili 2023. Hata undugu wa visiwa huwa na mahali unapokoma.

Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuipa Mauritius mamlaka juu ya Chagos yote, huku Diego Garcia ikikodishwa kwa miaka 99 kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Mauritius ingeruhusiwa kuwarudisha watu katika visiwa vingine, si Diego Garcia. Kutia saini si mwisho wa mkataba: lazima uidhinishwe kabla ya kuanza kutumika. Wenyeji wa Chagos wenyewe hawana kauli moja juu yake, na wapo wanaosema kwamba kwa mara nyingine wamezungumziwa wakiwa nje ya chumba. La kutazamwa ni hili: ndani ya mkataba, Uingereza inaahidi kuisaidia Mauritius kuunda na kusimamia hifadhi ya bahari katika visiwa hivyo. Nchi iliyopigana miaka 15 dhidi ya hifadhi haikuwa ikipinga hifadhi. Ilipinga aliyeitangaza.

Shelisheli na Bahari ya Ross

Si kila hifadhi huzaliwa kwa ugomvi. Shelisheli, jirani wa baharini wa Kenya, ilikuwa na madeni iliyoshindwa kuyabeba baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Katika mapatano yaliyokamilika mwaka 2016, shirika la uhifadhi la Marekani liliisaidia kununua dola milioni 21.6 za deni hilo kwa masharti nafuu. Badala yake, Shelisheli iliahidi kulinda asilimia 30 ya bahari yake, na sehemu ya malipo ikaelekezwa katika mfuko wa kazi za bahari nchini humo. Machi 2020 ahadi ilitimizwa, na eneo la kama kilomita za mraba 410,000 likatangazwa. Kupanga sehemu zipi zifungwe kabisa na zipi ziruhusu uvuvi kulichukua miaka sita ya vikao na wavuvi, wenye hoteli na kampuni za jodari. Wapo wanaouliza kama ni sawa nchi maskini kulipia deni kwa kutoa ahadi juu ya bahari yake. Ni swali halali. Lakini hakuna aliyeamka asubuhi akakuta bahari yake imefungwa.

Mbali kabisa kusini, katika Bahari ya Ross ya Antaktika, hakuna mwenye ardhi anayekubaliwa na wote, kwa hiyo hakuna anayeweza kutangaza peke yake. Huko uamuzi hufanywa na tume ya mataifa inayokutana mjini Hobart, Australia, na ni lazima wanachama wote wakubali. Marekani na Nyuzilandi zilileta pendekezo la pamoja. China na Urusi zilikataa mwaka baada ya mwaka, kwa sababu zina maslahi ya uvuvi na hazikutaka kufungiwa mlango milele. Oktoba 2016 zilikubali, baada ya ukanda mmoja kuachwa wazi kwa utafiti wa uvuvi wa kamba wadogo wa Antaktika, na baada ya hifadhi kuwekewa kikomo cha miaka 35. Kilomita za mraba milioni 1.55 zililindwa. Watetezi wa mazingira walilalamikia kikomo hicho, wanadiplomasia wakajibu kwamba hifadhi ya miaka 35 iliyopo ni bora kuliko ya milele isiyokuwepo. Sasa upo mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa kuhusu viumbe wa bahari kuu, uliokubaliwa Juni 2023 na kuanza kutumika Januari 2026, ambao unafungua njia ya kuunda hifadhi nje ya maili 200 za nchi yoyote. Mazungumzo yake yatafanana zaidi na ya Hobart kuliko ya London.

Pwani ya Kenya

Kenya ina aina mbili za maeneo ya bahari yaliyohifadhiwa chini ya sheria ya wanyamapori, na mara nyingi watu huyachanganya. Katika mbuga ya baharini, kama Malindi, Watamu au Kisite, kuvua hakuruhusiwi kabisa. Katika hifadhi ya bahari, kama Mpunguti au Kiunga iliyotengwa mwaka 1979, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa kwa zana zinazokubalika. Mkaazi anaposikia kwamba sehemu fulani inatengwa, la kwanza la kuuliza ni kama ni mbuga au ni hifadhi. Tofauti yake ni chakula cha jioni.

Yapo maeneo mawili ya kulinganisha bila kwenda mbali. Katikati ya miaka ya 1990 eneo la Diani na Chale, Kaunti ya Kwale, lilitangazwa kuwa hifadhi. Wavuvi walilipinga, na kwa miaka mingi likabaki katika karatasi kuliko katika maji. Huko Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe ndio walioanza. Waliona samaki wanapungua, na katikati ya miaka ya 2000 wakakubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao, kama hekta 30 tu. Ni eneo dogo sana kulinganishwa na Chagos, lakini samaki walirudi, na mwaka 2017 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Waliofunga ndio wanaolinda, na gharama ya boti za doria hupungua pale ambapo kila nyumba ina jicho.

Mipaka nayo ina maslahi yake. Kiunga iko karibu na Somalia, na mpaka wa bahari kati ya nchi hizo mbili uliamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 12 Oktoba 2021, uamuzi ambao Kenya iliukataa. Kusini hali ni tulivu zaidi. Kenya na Tanzania zilikubaliana mpaka wao wa bahari tangu 1976, na kwa miaka kadhaa limekuwepo wazo la kuunganisha uhifadhi wa maji ya Vanga na Kisite na yale ya upande wa Tanga. Samaki, kasa na wavuvi huvuka mstari huo bila pasipoti. Wazo kama hilo linawezekana kwa sababu tu mstari wenyewe haugombaniwi. Kama ungekuwa unagombaniwa, kila boya la hifadhi lingeonekana kama bendera.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya, bahari ya nchi, ukanda wa kiuchumi na sakafu ya bahari ni ardhi ya umma iliyo chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti haiwezi kuchora mstari baharini peke yake. Lakini Kifungu cha 10 kinafanya ushirikishwaji wa umma kuwa lazima katika maamuzi ya serikali za ngazi zote, na wavuvi wana vyombo vyao, yaani vitengo vya usimamizi wa fuo, BMU, vyenye orodha ya wanachama, vyombo na maeneo ya kuvulia. Orodha hizo zina uzito kuliko watu wengi wanavyofikiri. Mauritius ilishinda mwaka 2015 kwa sababu ahadi za uvuvi za 1965 zilikuwa zimeandikwa na kuhifadhiwa. Mahali ambapo mvuvi amevua tangu enzi za babu yake, bila jina la mwamba huo kuandikwa popote, ni vigumu kupatetea mbele ya mtu mwenye ramani.

Pendekezo la kutenga eneo linapoletwa barazani, wakaazi wana haki ya kuona ramani yenyewe, si maelezo yake tu: mipaka inaanzia wapi, zana zipi zitakatazwa, kwa miezi gani au miaka mingapi, na ni nani mwingine amekwisha kushauriwa kabla yao. Wana haki pia ya kuuliza ni nani hataathirika. Huko Chagos, jibu la swali hilo la mwisho lilikuwa kwenye ramani tangu siku ya kwanza, katika ule mviringo wa maili tatu.